Waya wa kutoka mita hadi bodi: uwe wa ngapi, na nyutro ihesabiwe lini

Huku kwetu Mtwara, minada ya korosho ikishapita Newala, Tandahimba na Masasi, hela ikaingia, simu yangu haitulii. Watu wanamalizia nyumba, na vijana walioanza ufundi juzi wanapiga kuuliza neno lile lile: "Shikamoo fundi. Nyumba vyumba vitatu, kutoka mita hadi bodi nivute waya wa ngapi? Na nyutro nayo naihesabu?" Marahaba. Kisha mimi namuuliza: mzigo ampea ngapi, umbali mita ngapi, waya unapita wapi, breka kuu ni ya ngapi? Kimya. Nimeona bora niandike mara moja, atakayepiga tena nimtumie hii.

Ninaongelea waya mkuu tu, ule unaotoka mita ya LUKU kwenda kwenye bodi ya breka. Nikisema waya wa 10, ni shaba ya milimita za mraba 10. Fezi ni waya unaoleta umeme, nyutro ni ule unaourudisha, ethi ni ule wa usalama unaokwenda ardhini. Kutoka nguzoni hadi mita ni kazi ya TANESCO, na sili ya mita haiguswi hata kama unajua unachofanya. Kazi yenyewe isimamiwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kama bado unajifunza, piga hesabu zote, umpelekee yeye azikague kabla hujaenda dukani.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Orodha ya vifaa vya nyumba pamoja na wati zake. Usikisie, soma kibandiko kilicho nyuma au chini ya kifaa.
- Tepu ya kupimia. Pima njia ambayo waya utapita: kupanda ukuta, kukata kona, kushuka tena. Ukipima kwa macho kutoka mlangoni, waya utakupungukia mita tatu.
- Malitimita ya kupimia volti, na klampu mita (kipimo kinachobana waya na kusoma ampea) iliyoandikwa True RMS. Klampu za bei ndogo zisizo na maandishi hayo zinadanganya kwenye nyutro, na nyutro ndiyo tunayoitafuta.
- Kipimajoto cha kawaida cha ukutani. Kiweke juu ya dari, chini ya bati, saa nane mchana, ukakisome baada ya nusu saa.
- Kalipa, ya kupima unene wa nyuzi za waya dukani. Waya wa kumi wa kweli una nyuzi 7, kila uzi milimita 1.35. Wa kumi na sita una nyuzi 7 za milimita 1.70. Upo waya ulioandikwa 10 ambao ukiukata unakuta nyuzi saba nyembamba na ganda nene la kufichia aibu. Huo hata ukiwa na bei nzuri, mwachie mwenye duka.

Na hizi namba ziandike kwenye daftari. Ni za waya wa shaba wenye ganda la PVC la nyuzi joto 70, ukiwa ndani ya bomba ukutani, joto la mahali likiwa nyuzi 30. Zimetoka kwenye majedwali ya BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga umeme, na zinaingia vizuri kwetu kwa sababu umeme wetu ni volti 230 kwa njia moja (fezi moja na nyutro) na 400 kwa njia tatu (fezi tatu).

Umeme wa njia moja, waya mbili:
waya wa 4: ampea 32
waya wa 6: ampea 41
waya wa 10: ampea 57
waya wa 16: ampea 76
waya wa 25: ampea 101

Umeme wa njia tatu:
waya wa 4: ampea 28
waya wa 6: ampea 36
waya wa 10: ampea 50
waya wa 16: ampea 68
waya wa 25: ampea 89

Kupunguza kwa joto: nyuzi 35 zidisha uwezo wa waya kwa 0.94, nyuzi 40 kwa 0.87, nyuzi 45 kwa 0.79, nyuzi 50 kwa 0.71.

Hatua ya 1: Andika mzigo, kisha chagua vinavyowaka pamoja

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu pale Naliendele, umeme wa njia moja. Taa 12 za wati 10 ni 120. Feni nne za wati 70 ni 280. Friji 150, runinga 100, pasi 1,200, birika 2,000, jiko la sahani mbili 2,000, kiyoyozi kimoja 1,000, pampu ya maji 750. Jumla wati 7,600.

Lakini hakuna anayepiga pasi, anayepandisha maji tangini na anayepika kwa wakati mmoja akiwa amewasha kila kitu. Kaa na mwenye nyumba, umuulize saa moja jioni panawaka nini. Hapa tulipata taa, feni, friji, runinga, kiyoyozi, birika na jiko: wati 5,650. Muulize mama mwenye nyumba hasa. Baba atakwambia anavyotaka kununua, mama atakwambia kinachowaka.

Hatua ya 2: Geuza wati ziwe ampea

Gawa kwa 230. Wati 5,650 ni ampea 24.6. Ongeza robo kwa ajili ya kesho, maana hela ya korosho ijayo italeta friza: ampea 31 hivi.

Hatua ya 3: Chagua breka kuu

Breka iwe kubwa kuliko mzigo. Waya nao uwe na uwezo zaidi ya breka, si zaidi ya mzigo tu. Kwa ampea 31 tunachukua breka ya 40. Kuanzia hapa 31 tunaiweka pembeni hadi hatua ya 7, ya umbali. Namba tunayoifukuza ni 40, kwa sababu breka itaruhusu ampea 40 zipite muda mrefu bila kulalamika, na waya lazima uzivumilie.

Hatua ya 4: Hesabu waya zinazopata joto

Hapa ndipo simu zote zinapotoka, kwa hiyo twende taratibu.

Hatuhesabu waya zilizomo ndani ya bomba. Tunahesabu zile zinazobeba ampea na hivyo kutoa joto. Ethi haihesabiwi, maana siku za kawaida haibebi kitu. Fezi inahesabiwa siku zote. Nyutro inategemea.

*Umeme wa njia moja.* Ampea zinazoenda kwa fezi ndizo zinazorudi kwa nyutro, zote. Fezi ikibeba 31, nyutro inabeba 31. Kwa hiyo nyutro inahesabiwa. Ila angalia jedwali: limeandikwa "waya mbili", na ya pili ndiyo nyutro hiyo. Imeshahesabiwa. Wapo wanaoisoma 57 ya waya wa kumi, halafu wanaikata tena "kwa sababu ya nyutro". Wananunua waya wa kumi na sita bila sababu, na mwenye nyumba analipa.

*Njia tatu, mzigo wa mota.* Mashine ya kusaga, pampu kubwa, mashine za kiwanda. Fezi tatu zinasawazishana na nyutro haina kazi. Haihesabiwi. Mota nyingi za njia tatu hata hazina pa kuifungia.

*Njia tatu, mzigo haulingani.* Tuseme fezi moja ina ampea 30, ya pili 20, ya tatu 10. Kijana anajumlisha, anasema nyutro inabeba 60. Hapana. Inabeba 17 tu, kwa sababu fezi tatu hazifikii kilele kwa wakati mmoja, zinakatana zenyewe kwa zenyewe. Na joto la waya linafuata ampea mara ampea: 900, 400, 100, na nyutro 300, jumla 1,700. Fezi tatu zote zikiwa na 30 ni 2,700. Nyutro imepata moto kidogo, lakini fezi mbili zimepoa zaidi. Kwa hiyo hapa pia haihesabiwi.

*Fezi mbili na nyutro.* Inatokea kwenye fremu za maduka, mpangaji anapewa fezi mbili kati ya tatu. Fezi zikiwa na 20 na 20, nyutro nayo ni 20. Waya tatu zote zinachemka sawasawa. Ihesabu, utumie safu ya njia tatu.

Na hapa nitoe onyo. Kwenye intaneti zimejaa video za mafundi wa Marekani wanaosema kwenye nyumba nyutro haihesabiwi kati ya waya zenye mzigo. Wako sahihi, kwao. Nyumba zao zinapewa volti 120 na 240 kwa waya mbili za moto na nyutro katikati, na nyutro hiyo inabeba tofauti tu ya pande mbili. Wana hata kanuni yao ya asilimia 83 ya kupunguza waya mkuu wa nyumba. Mtwara hakuna umeme wa namna hiyo. Ukiona fundi wa video anapima waya kwa namba kama 4/0, angalia kwa kujifurahisha, usichukue hesabu.

*Njia tatu, taa za LED, runinga, kompyuta, viyoyozi vya inveta.* Hapa nyutro inageuka. Vifaa hivi havinyonyi umeme kwa mkondo laini, vinaudonoa vipande vipande, na kinachozaliwa kinaitwa hamoniki. Hamoniki ya tatu ina tabia mbaya: kwenye nyutro fezi tatu hazikatani, zinajumlishana.

Niliitwa gesti moja, huko huko korosho zinakotoka. Mwenye gesti analalamika harufu ya plastiki kila usiku vyumba vikijaa. Nimefungua bodi, fezi tatu za waya wa 16 ziko safi. Nyutro, fundi aliyetangulia alifunga waya wa 4, "kwa sababu haibebi kitu". Ganda lake lilikuwa jeusi, karibu na skrubu limegeuka rangi ya kahawa, na ukilikunja linavunjika kama ganda la korosho iliyobanikwa. Nikapachika klampu: fezi 44, 44, 44. Sawa kabisa. Nyutro 24. Waya wa 4 chini ya bati lile lenye nyuzi 45 ulikuwa na uwezo wa ampea 22.

Namna ya kupima ni hii. Sawazisha kwanza fezi tatu. Klampu nyutro. Gawa kwa tatu: 24 kwa 3 ni 8. Gawa kwa ampea za fezi: 8 kwa 44 ni asilimia 18. Sasa:

- Chini ya asilimia 15, nyutro usiihesabu.
- Kati ya 15 na 33, ihesabu: zidisha uwezo wa waya kwa 0.86, na nyutro isiwe nyembamba kuliko fezi.
- Kati ya 33 na 45, chukua ampea za nyutro badala ya za fezi, na bado uzidishe uwezo kwa 0.86.
- Zaidi ya 45, chagua waya wote kwa ampea za nyutro, bila kupunguza kwa 0.86.

Ikiwa jengo ni jipya na hakuna cha kuklampu, jiulize kama limejaa taa za LED, runinga na kompyuta kuliko majiko na mota. Likiwa hivyo, mimi naihesabu nyutro bila kubishana.

Hatua ya 5: Punguza kwa joto na msongamano

Vitabu vinaanzia nyuzi 30. Juu ya dari zetu, chini ya bati, mchana wa Novemba kabla mvua haijashuka, kipimajoto changu kimeshanionyesha 45 na zaidi. Badala ya kuzidisha uwezo wa kila waya, gawa breka kwa namba ya joto, jibu ni lile lile: 40 kwa 0.79 ni ampea 50.6. Ukiweza kupitisha waya ukutani badala ya darini, pitisha, unajipunguzia gharama.

Ukiweka saketi mbili bomba moja, zidisha uwezo kwa 0.80, saketi tatu, kwa 0.70. Waya mkuu upe bomba lake peke yake, hesabu hii uiruke.

Hatua ya 6: Chagua waya

Nyumba ya Naliendele inahitaji 50.6. Waya wa 6 una 41, haufai. Wa 10 una 57. Tumepata.

Ile gesti, breka ya 50 na nyuzi 45: bila nyutro ni 50 kwa 0.79, yaani 63.3, na waya wa 16 wenye 68 ungetosha. Tukihesabu nyutro ni 50 kwa 0.79 kwa 0.86, ampea 73.6. Wa 16 umeshindwa. Waya nne zote zikawa za 25. Mwenye gesti alinuna kidogo kwa bei, nikampa kile kipande cha ganda mkononi.

Hatua ya 7: Angalia umbali

Waya mrefu unakula volti njiani. Kwa njia moja, kila ampea moja kwa kila mita moja inapoteza milivolti 7.3 kwenye waya wa 6, 4.4 kwenye wa 10, na 2.8 kwenye wa 16. Namba hizi zimeshajumlisha kwenda na kurudi, usizidishe mara mbili.

Mita 12: 4.4 mara 31 mara 12 ni volti 1.6. Haina neno. Lakini viwanja vyetu virefu, na watu wanapenda mita iwe mbele na nyumba kubwa nyuma ya mikorosho. Mita 45 ni volti 6.1. Taa zinatakiwa zisipoteze zaidi ya asilimia 3 kutoka mita hadi balbu ya mwisho, yaani volti 6.9, na vifaa vingine asilimia 5. Waya mkuu peke yake umemaliza karibu posho yote. Vuta wa 16, upotevu unashuka hadi 3.9.

Hatua ya 8: Nyutro na ethi zenyewe ziwe za ngapi

Njia moja, nyutro ni sawa na fezi. Njia tatu zenye fezi za shaba hadi 16, nyutro ni sawa na fezi vilevile, hata kama hukuihesabu hatua ya 4. Kuhesabu na kufunga ni mambo mawili. Ethi: fezi hadi 16, ethi ilingane nayo, fezi 25 au 35, ethi ya 16.

Hatua ya 9: Funga

1. Zima meni swichi. Kumbuka upande wa mita bado una umeme. Kuuzima huo ni kwa TANESCO.
2. Jaribu malitimita kwenye soketi yenye umeme, pima ulipozima, kisha rudi ujaribu tena kwenye soketi. Kipimo kilichokufa kinakwambia "hakuna umeme" kwa sauti ile ile.
3. Usiamini rangi. Zamani nyeusi ilikuwa nyutro na bluu ilikuwa fezi ya tatu. Sasa bluu ni nyutro na nyeusi ni fezi. Nyumba zilizoongezwa vyumba zina rangi za zamani na za sasa kwenye bodi moja.
4. Funga ethi kwanza, nyutro, kisha fezi. Kaza, vuta kwa mkono, kaza tena.
5. Fezi mbili au tatu zisipewe breka mojamoja kwa waya mkuu. Tumia breka ya pamoja. Na nyutro haiwekwi fyuzi wala breka ya peke yake.

Makosa ninayoyakuta kila wiki

Breka inakata, fundi anaweka kubwa zaidi. Breka ilikuwa inalinda waya. Sasa waya ndio utakuwa fyuzi, na uko darini juu ya kitanda.

Kuazima nyutro ya saketi nyingine. Saketi mbili za fezi moja zikirudi kwa nyutro moja, zinajumlishana: 15 na 15 ni 30 kwenye waya wa mbili na nusu.

Kuunga nyutro na ethi ndani ya bodi ili "kuongeza nguvu". Hii nayo imetoka kwenye video za Marekani. Hapa nyutro ikikatika, bati la friji lako litakuwa na umeme.

Ukikwama

*Taa zinafifia birika likiwashwa.* Pima volti kwenye bodi, birika likiwaka na likizimwa, kisha upande wa kutokea mita. Zikishuka kote, tatizo liko nje, toa taarifa TANESCO. Zikishuka kwenye bodi tu, ni waya wako au skrubu iliyolegea.

*Njia moja, nyumba nzima imezima lakini testa inawaka matundu yote mawili ya soketi.* Nyutro imekatika. Usishike chochote, zima meni swichi.

*Njia tatu, taa za upande mmoja zinang'aa kama jua na za upande mwingine zinafifia.* Nyutro hiyo hiyo. Zima kila kitu sasa hivi, maana kifaa cha 230 kinaweza kuwa kinasukumwa kuelekea 400. Runinga hazisubiri umalize kutafuta.

*Breka kuu inakata mchana, usiku haikati.* Klampu kwanza. Ampea zikiwa chini ya breka, gusa ukuta: bodi iliyofungwa ukuta wa magharibi unaopigwa na jua inapika breka. Ihamishe.

*Bodi iko Mikindani au Shangani, karibu na bahari, na nyutro inapata joto ingawa hesabu ni sahihi.* Chomoa waya uangalie ncha. Ukikuta unga wa kijani kwenye shaba, chumvi imeshaingia. Kata ncha ile hadi shaba nyekundu, funga upya kwa lagi (kifungio cha ncha ya waya), na bodi ibadilishwe, iwekwe ile yenye mpira kwenye mfuniko. Rudi baada ya miezi sita ukaze skrubu tena.